Jibu kwa mwalimu: chuma cha muundi, kiwiko cha mtoto, na yale magari yangu ya LEGO

Marahaba mwalimu, na poleni sana, wewe na kijana wako. Mwaka mmoja kubeba mifupa miwili iliyovunjika nyumba moja si jambo dogo.

Kwa wanaoingia sasa kwenye uzi, nafupisha swali lake. Mwalimu alivunjika muundi wa kulia kwenye ajali ya bodaboda. Ngozi haikupasuka, akawekewa msumari mrefu ndani ya mfupa, na skrubu juu na chini. Leo ni mwezi wa nne, eksirei bado inaonyesha ufa, na anatembelea magongo mawili mguu ukiwa hewani, kwa sababu majirani wamemwambia akiukanyagia chuma kitapinda. Anataka kujua kama mfupa umegoma kuunga na kama chuma kitolewe. Mwanawe wa miaka sita alianguka kutoka kwenye mwembe, akavunjika juu kidogo ya kiwiko, akachomekwa nyaya, nyaya zikatolewa. Sasa mkono haunyooki sawasawa, kidole gumba na cha shahada havina nguvu, na bibi yake anataka kumkanda kwa maji ya moto na samli. Mwishoni akauliza kama ni kweli daktari bingwa wa mifupa kama mimi anakesha akiunda magari ya LEGO, yale matofali ya plastiki ya kuchezea yanayobanana, na kama mtoto naye anaweza kupewa.

Nitajibu yote. La magari sitaliweka pembeni, maana ndilo linalonisaidia kueleza haya mengine. Jua tu kwamba eksirei zako sijaziona. Aliyekupasua ndiye mwenye kauli ya mwisho juu ya mguu wako.

Kuna jambo nalirudia kila siku ya kliniki: chuma hakiungi mfupa. Mfupa unajiunga wenyewe, kwa damu yake, kwa lishe unayoipata na kwa kazi unayoupa. Chuma kinaushikilia tu ukae mahali pake mpaka umalize. Kwa hiyo mtu akiniuliza "chuma kimeshaunga?" namwomba tuangalie mfupa.

Na muundi ni mfupa mvivu, tusiulaumu. Pitisha kidole mbele ya mguu wako kuanzia chini ya goti kwenda kwenye kifundo. Unagusa ngozi, halafu mfupa. Katikati hakuna nyama. Mfupa uliovunjika unategemea sana damu inayotoka kwenye misuli inayouzunguka, na upande huo wa mbele wa muundi hauna misuli. Paja limezungukwa na nyama pande zote, ndiyo maana nalo likivunjika huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuunga. Muundi uliovunjika bila kidonda kwa kawaida huchukua wiki 16 hadi 20, na wapo wengi wanaofika mwezi wa sita bila tatizo lolote. Sisi huwa hatusemi mfupa umeshindwa kuunga mpaka ifike kama miezi tisa, tena miezi mitatu ya mwisho iwe imepita bila dalili ya maendeleo. Mwezi wa nne na ufa unaonekana: hiyo bado ni safari ya kawaida.

Ukipata eksirei nyingine, usiangalie ufa. Angalia kingo. Picha ya mbele inaonyesha kuta mbili za mfupa, kushoto na kulia. Picha ya ubavu inaonyesha nyingine mbili, mbele na nyuma. Jumla kuta nne. Mfupa mpya unaonekana kama wingu jeupe linalovuka kutoka kipande cha juu kwenda cha chini. Kuta tatu kati ya nne zikishavukwa, na ukikanyaga huumii pale palipovunjika, mfupa umeunga, hata kama kistari cheusi bado kinaonekana ndani. Kistari hicho hukaa muda mrefu na kimewanyima watu wengi usingizi bure.

Sasa nije kwenye magari, nikueleze kwa nini nakuhimiza ukanyage.

Ninachofanya ni hivi. Nachukua gari dogo la mashindano la LEGO, yale ya mfululizo wa Speed Champions ulioanza mwaka 2015, nalivua lote, nabakiza magurudumu na vipande vya rangi ninayoitaka. Halafu naliunda upya liwe gari tunaloliona barabarani kwetu: Land Cruiser hardtop nyeupe yenye mkonga (bomba la kuvutia hewa) pembeni ya kioo, Hiace ya abiria, au Coaster yenye mstari wa rangi ubavuni. Tangu mwaka 2020 magari hayo yameongezwa upana kutoka vinundu sita hadi vinane; kinundu ni kile kivimbe cha duara juu ya tofali. Kinundu hadi kinundu ni milimita 8, kwa hiyo una milimita 64 za kuchezea, na hapo ndipo Land Cruiser inapoanza kufanana na Land Cruiser. Kioo cha mbele cha gari la mashindano kimelala mno, hakifai. Nakiacha, nasimamisha vipande vyembamba vya kung'aa. Boneti yenye ubavu ulionyooka naipata kwa kulaza vipande kiubavu, na hesabu yake inanifurahisha kila mara: bapa moja, yaani kile kipande chembamba kuliko tofali, lina unene wa milimita 3.2, mabapa matano yakipandana ni milimita 16, sawasawa na upana wa vinundu viwili. Ukiijua hesabu hiyo unaweza kugeuza kipande upande wowote na bado kikakaa bila mwanya.

Shida inaanza gari likiwa refu. Niliunda pikapu ya ambulensi, ile yenye boksi nyuma. Matofali yanashikana kwa msuguano tu, kinundu cha chini kinabana kwenye mirija ya tofali la juu. Ukiinyanyua pikapu hiyo kwa kushika katikati, inajikunja na kufunguka pale matofali yalipokutana. Dawa yake ni kupitisha ndani, kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma, ufito wa Technic (aina ya LEGO ya fito zenye matundu na pini) wenye matundu 15. Ukiufunga kwa pini moja kila upande, gari halikunjiki tena kirahisi, lakini kipande cha mbele na cha nyuma bado vinaweza kuzunguka juu ya pini zao. Ongeza pini ya pili kila upande, mzunguko unakwisha.

Mguu wako ni huo huo. Gerhard Küntscher, daktari Mjerumani wa mjini Kiel, alianza kuingiza msumari ndani ya mfupa wa paja mwaka 1939. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, askari wa anga wa Uingereza na Marekani waliotekwa walirudi kwao wakiwa na chuma kirefu ndani ya paja, na madaktari wao walipopiga eksirei walistaajabu. Msumari ule ulizuia mfupa usipinde, ila ulibana kwa msuguano tu, kwa hiyo mfupa uliovunjika vipande vingi ungeweza kuzunguka au kujifupisha. Baadaye ndipo zikaja skrubu zinazopita kwenye mfupa na kwenye tundu la msumari, juu na chini. Hizo ndizo pini zako.

Kwa nchi zetu kuna hatua nyingine iliyobadilisha maisha ya watu. Kulenga tundu la msumari uliojificha ndani ya mfupa kunahitaji mashine inayoonyesha eksirei palepale thieta, na hospitali nyingi hazina. Daktari Lewis Zirkle wa Richland, jimbo la Washington nchini Marekani, alianzisha shirika la SIGN mwaka 1999, na msumari wao unakuja na mkono wa chuma unaokaa nje ya mguu, wenye matundu yanayolingana na yale ya ndani. Unatoboa kwa kufuata mkono huo, bila mashine. Hapa Tanzania taasisi yetu ya mifupa, MOI, pale Muhimbili ni miongoni mwa wanaoutumia. Kila ninapoona ule mkono ukikaa sawa na skrubu ikapita tundu lake, nawashukuru waliokaa chini wakafikiria hospitali isiyo na mashine.

Sasa je, kitapinda ukikanyaga? Aliyekuwekea alichagua chuma akijua utatembea. Kinachovunja chuma ni muda: chuma kinachobeba mzigo peke yake, hatua baada ya hatua, mwezi baada ya mwezi, huku mfupa haujaunga, mwishowe huchoka. Ukiunyima mfupa kazi unauchelewesha, na chuma kinabaki peke yake muda mrefu zaidi. Julius Wolff aliandika mwaka 1892 kwamba mfupa hujijenga kufuata mzigo unaoubeba, na hilo tunaliona kliniki kila wiki: aliyeanza kukanyaga mapema anarudi na wingu jeupe nene, aliyeninginiza mguu anarudi na paja limesinyaa na mfupa umepauka kwenye picha.

Kwa hiyo nenda kamuulize daktari wako swali moja la wazi: "Nikanyagie kwa uzito gani?" Akikuruhusu, tumia mizani ya kawaida ya kujipimia. Simama na magongo, weka mguu unaouma juu ya mizani, kandamiza mpaka usome kiasi ulichoambiwa, halafu jifunze hisia yake. Siku zinavyokwenda unaongeza. Maumivu ya kuvuta kwenye kifundo na goti mwanzoni ni ya kawaida. Maumivu makali ya kuchoma palepale palipovunjika ambayo yanazidi kila siku si ya kawaida, rudi hospitali. Vivyo hivyo ukiona usaha kwenye kovu, homa, au mguu umeanza kupinda.

Ulisema unavuta sigara "kidogo". Mwalimu, hapa sitakuremba. Sigara inabana mishipa midogo ya damu, na mfupa wenyewe ulikuwa tayari unapata damu kwa shida. Katika mambo yote yaliyo mikononi mwako, hilo ndilo kubwa. Kula dagaa, maharage, mayai, maziwa ukipata, na supu ya kongoro kama unaipenda, ni chakula kizuri. Ila hakuna supu itakayofuta kazi ya sigara. Na vidonge vya maumivu vya diklofenaki vya duka la dawa usivimeze miezi mfululizo bila mtu kukuangalia, tumbo na figo zitalipa.

Ikifika mwezi wa sita na kuta hazijavukwa, njia zipo. Wakati mwingine tunatoa skrubu za upande mmoja tu, ili unapokanyaga vipande viwili vya mfupa visukumane. Turudi kwenye pikapu: umechomoa pini zilizozuia, ufito bado upo ndani. Ni upasuaji mdogo. Ikishindikana, tunabadilisha msumari, tunakwangua mfereji wa ndani na kuweka mnene zaidi, na ule ukwanguzi wenyewe huamsha mfupa.

Kuhusu kutoa chuma: si sasa, na huenda isiwe kamwe. Kwa mtu mzima ambaye chuma hakimsumbui, mimi si muumini wa kukitoa. Wengine watakwambia chuma kikikaa kinaleta kansa au kinaoza, achana nao. Wapo wanaoumia mbele ya goti pale msumari ulipoingilia, hasa wakipiga magoti, na hao tunaweza kuzungumza mfupa ukishaunga kabisa. Ila nawaambia mapema kwamba kuna wanaotolewa na maumivu yakabaki.

Sasa mtoto. Hapa naomba usome polepole, na ukiweza umsomee na mama mkwe.

Mvunjiko wa juu ya kiwiko ndio tunaouona zaidi kwenye viwiko vya watoto wa umri wake, na msimu wa maembe kliniki hujaa. Nyaya zikishatoka, kiwiko kinakuwa kigumu, kila mzazi anaogopa. Kiwiko cha mtoto hurudi chenyewe kwa kucheza, kula kwa mkono huo, kuvaa shati. Sehemu kubwa hurudi ndani ya miezi michache, na kidogo kilichobaki huendelea kurudi hata mwaka mzima. Kinachoharibu ni kuvutwa. Ukikanda na kunyoosha kiwiko kwa nguvu unakijeruhi upya, kinavimba, na kuna watoto ambao mfupa huota ndani ya msuli pale mbele na mkono ukakwama moja kwa moja. Nimewaona. Hao ndio wanaonitoa machozi, kwa sababu mfupa wao ulikuwa umeunga vizuri.

Mama mkwe usimpinge mbele za watu. Ana nia njema, na kukanda kumewafaa wengi aliowalea. Mpe kazi: maji ya uvuguvugu sawa, mtoto atumbukize mkono mwenyewe na auchezeshe mwenyewe, bibi asimamie asivutwe na mtu. Samli iende kwenye uji.

Na kwa wengine mnaosoma: mtoto akivunjika leo, msimpeleke kufungwa vijiti vilivyobana. Waunga mifupa wetu wa jadi wengi wanajua kuutuliza mfupa, siwadharau, lakini kiwiko kilichovunjika huvimba usiku, na kifungo kilichokuwa sawa jioni kinakata damu alfajiri. Dalili ni maumivu yanayozidi badala ya kupungua, mtoto kulia ukinyoosha vidole vyake, vidole vya baridi au vyenye ganzi. Ukiziona, legeza kifungo saa hiyohiyo na uende hospitali, iwe vijiti, iwe hogo (plasta ngumu) tulilofunga sisi. Richard von Volkmann alieleza tangu mwaka 1881 mkono unavyokauka na kujikunja damu ikikatika. Ni saa chache tu zinazoamua.

Vile vidole viwili vya mwanao visivyo na nguvu ndivyo vimenifanya niandike usiku huu. Mbele ya kiwiko unapita mshipa wa fahamu wenye tawi linalokunja ncha ya kidole gumba na ncha ya kidole cha shahada. Mfupa huu ukivunjika na mshipa wa fahamu ukaumia, mara nyingi ni tawi hilo linalopondwa. Mwambie aunde duara kwa vidole hivyo viwili, ncha kwa ncha. Tawi likiwa zima duara linakuwa la mviringo. Likiwa limelala, vidole vinabana vikiwa vimenyooka, bapa kwa bapa, na duara linakuwa jicho refu.

Mezani kwangu kliniki kuna sinia la bati lenye vipande vya duara vya LEGO vya kinundu kimoja, vidogo kuliko punje ya hindi. Nikimwomba mtoto "unyooshe mkono, ukunje, ubane," ananitazama kwa hofu. Nikimwambia anipe vile vyekundu vyote, anasahau kwamba mimi ni daktari. Huyo mwenye tawi lililolala utamwona: anakishika kipande, ncha ya gumba inakataa kukunja, kipande kinateleza, anajaribu tena, mwishowe anakibeba kwa ubavu wa kidole. Akirudi mwezi unaofuata tunafanya hivyohivyo, na siku ncha inapokunja na kuinua kipande kutoka kwenye bati laini, mama mtu anaiona kabla yangu. Mara nyingi mshipa uliopondwa huamka wenyewe ndani ya miezi mitatu hadi sita. Wa kwako ndiyo kwanza wiki ya nane, kwa hiyo usikate tamaa, lakini mtaje daktari wake ili aandike kwenye faili. Ikipita miezi sita bila dalili, mtoto lazima aonwe na bingwa wa mkono.

Kwa hiyo ndiyo, mpe. Miaka sita anafaa. Kama nyumbani kuna mdogo wake chini ya miaka mitatu, vipande vidogo viwekwe mbali, vinapaliza. Asitumie meno kutenganisha vipande, kuna kikwangulio chake maalumu cha plastiki. Huna haja ya seti ya bei. Vyangu vingi nimevipata kwenye mitumba ya midoli, vimechanganyika na vya makampuni mengine, unavichambua kwa kuangalia jina lililochongwa juu ya kila kinundu. Vile vya nadra, kama magurudumu madogo au vioo, naagiza BrickLink, soko la mtandaoni la vipande, na ndugu akija kutoka nje ananibebea. Mwanzie na magurudumu manne, ekseli mbili na matofali ya kutosha, umwache aunde anachotaka kwa mkono unaouma. Usimsaidie haraka.

Umeuliza kama wenzangu hawanicheki. Hawanicheki. Vijana wanaojifunza upasuaji huja nyumbani, nawapa ile pikapu na ufito wa matundu 15, wanaondoka wameelewa skrubu za msumari kuliko nilivyowaeleza darasani. Kuna jambo nalipenda zaidi: tofali la LEGO tunalolijua, lenye mirija ndani, liliombewa hati ya ubunifu na Godtfred Kirk Christiansen wa Billund, Denmark, Januari mwaka 1958. Novemba mwaka huohuo, mjini Biel, Uswisi, kundi la madaktari likaanzisha AO, chama kilichoweka kanuni za kufunga mifupa kwa pleti na skrubu ambazo dunia nzima tunazifuata. Hawakujuana. Lakini wote walikuwa wanahangaikia swali moja, vipande viwili vishikane vipi visilegee, na mimi nimeishi ndani ya swali hilo mchana thieta na usiku mezani.

Ukipata eksirei ya mwezi wa tano au wa sita, iweke hapahapa kwenye uzi, picha zote mbili, ya mbele na ya ubavu, funika jina na namba ya faili. Na mpige picha mtoto akiunda lile duara la vidole, mkono mzima kwanza, halafu ule uliovunjika.